Shingo ya Mtu kwa Kondoo Mmoja



Majuzi, katika makazi yetu haya, mama mmoja mjane aliamka alfajiri akakuta zizi lake limefunguliwa na mbuzi wake wawili hawapo. Wengi wetu tunajua maana yake. Kwa mtu anayeishi kwa mgao, mbuzi ndiye benki. Ndiye madaftari ya watoto, ndiye dawa, ndiye sanda siku ya msiba. Kabla jua halijapanda, kijana mmoja alikamatwa njiani akiwa na nyama ndani ya mfuko. Watu wakakusanyika na fimbo na mawe. Wazee wa kanisa walifika upesi, wakamzingira, na kijana akafikishwa polisi akiwa mzima. Tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Lakini jioni, baada ya maombi, mabishano yalianza. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema: "Ninyi mnawahurumia wezi. Wazungu zamani waliwanyonga wezi wa mifugo, na ndiyo maana leo kwao mtu analala mlango wazi." Watu wengi waliitikia kwa kichwa. Mimi sikuwa na jibu usiku ule.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kufikiri. Nimegundua kwamba neno la mzee wetu ni kweli nusu. Ni kweli kwamba Waingereza, ambao wengi wetu tunawafikiria tunaposema Wazungu, waliwanyonga watu kwa sababu ya kondoo mmoja. Je, ni kweli pia kwamba kamba ndiyo iliyowaletea amani? Na hata kama ingeleta amani, je, ilikuwa haki? Haya ndiyo maswali ninayotaka tuyatazame pamoja.

SHERIA ILIVYOKUWA

Mwaka 1741 Bunge la Uingereza lilitunga sheria kwamba mtu akiiba kondoo, au akimchinja kondoo wa mwenzake kwa nia ya kuiba nyama yake, hata kipande tu, adhabu ni kunyongwa. Mwaka 1742 ikatungwa sheria nyingine iliyotaja kwa majina ng'ombe, maksai, mitamba, ndama na wana-kondoo, ili mtu asije akajitetea kwamba mnyama aliyemchukua hakutajwa. Kwa wizi wa farasi, sheria ilikuwa hivyo tangu karne ya 16.

Sheria hizo ziliingia katika karne ya 19 zikiwa bado na nguvu. Wakati huo makosa yaliyoweza kumfikisha Mwingereza kwenye kamba yalikuwa zaidi ya 200. Watu walinyongwa hadharani, na mambo yakaendelea kuwa hadharani mpaka mwaka 1868. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya mwaka 1770 na 1830 watu wapatao 35,000 walihukumiwa kifo katika Uingereza na Wales, na kati yao kama 7,000 wakanyongwa kweli.

Ndugu msomaji, angalia tofauti ya hesabu hizo mbili. Wengi waliohukumiwa hawakunyongwa. Walisamehewa kifo, kisha wengi wao wakapelekwa uhamishoni ng'ambo. Lakini msamaha ule haukuwa haki ya mtu. Ulitegemea sana nani atakuandikia barua. Kama mwenye shamba au kasisi wa kijiji alikujua na kukusemea, uliweza kupona. Kama ulikuwa mgeni pale, mtu asiye na wa kumjua, hatari ilikuwa kubwa zaidi. Sisi tulioishi ugenini tunaelewa jambo hilo bila kuelezwa sana.

NANI ALIIBA, NA KWA NINI?

Tusidanganyane. Si kila mwizi wa kondoo alikuwa na njaa. Walikuwapo watu walioiba kwa biashara. Walitembea usiku, wakachukua wanyama kadhaa, wakawauza kwa wachinjaji wa mbali wasiouliza maswali. Na si kila aliyeibiwa alikuwa tajiri. Mkulima mdogo mwenye kondoo wachache, au mjane mwenye ng'ombe mmoja, aliweza kuangamizwa kwa usiku mmoja. Uchungu wa mama yetu wa mbuzi wawili ulijulikana huko pia.

Lakini wengi walioiba walikuwa vibarua wa mashambani, na miaka yenyewe inatoa ushuhuda. Baada ya vita na Wafaransa kwisha mwaka 1815, askari walirudi nyumbani wakakuta kazi hakuna. Mwaka 1816 jua lilikosa nguvu kwa sababu ya majivu ya mlima wa volkano wa Tambora uliolipuka Indonesia mwaka uliotangulia. Mavuno yakaharibika na bei ya mkate ikapanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1830, katika kijiji cha Tolpuddle, kusini mwa Uingereza, mshahara wa kibarua ulishuka hadi shilingi 7 kwa wiki, naye alikuwa na mke na watoto wa kulisha. Kondoo mmoja alikuwa na thamani kuliko mshahara wake wa wiki nzima, naye alilala nje malishoni bila mlinzi, akionekana kutoka mlangoni pa mtu mwenye njaa.

Tena kuna jambo la ardhi. Zamani vijiji vingi vya Uingereza vilikuwa na malisho ya pamoja. Maskini aliweza kufuga ng'ombe mmoja au bata bukini, na kuokota kuni. Kisha wenye mashamba makubwa wakaenda Bungeni, ambako wao wenyewe au jamaa zao ndio walioketi, wakapata sheria moja baada ya nyingine za kuzungushia uzio ardhi ile na kuigawa. Kwa jumla, kati ya mwaka 1604 na 1914, zilipita sheria zaidi ya 5,200 za namna hiyo, zikigusa kama sehemu moja ya tano ya nchi ya Uingereza. Nyingi zilipita katika miaka ya 1760 hadi 1820. Mwenye hati alipewa kipande chake. Mwenye mazoea tu, asiye na karatasi, mara nyingi alibaki mikono mitupu.

Hata masazo ya mavuno yaliguswa. Mwaka 1788 mahakama moja kuu iliamua kwamba maskini hawana haki kisheria ya kuokota masuke yaliyobaki katika shamba la mtu. Wasomaji wa kitabu cha Ruthu watajua uzito wa hukumu ile.

Basi kulikuwa na kuchukua kwa aina mbili. Mmoja alichukua kondoo usiku, naye akaitwa mwizi. Mwingine alichukua malisho ya kijiji kizima mchana kweupe, kwa muhuri na saini, naye akaitwa mheshimiwa. Wizi wa kondoo ulikuwa dhambi, na sitaki kuuita jina jingine. Nataka tu tuone kwamba sheria ile ilikuwa na jicho moja.

MBELE YA MAHAKAMA

Mzee wetu anafikiri kwamba sheria kali ni sheria yenye nguvu. Hebu tuone ilivyofanya kazi vijijini.

Kwanza, hapakuwa na polisi kama tunavyowajua sisi. Kila parokia ilikuwa na mgambo wake, mara nyingi mwenyeji asiyelipwa mshahara, aliyepewa kazi hiyo kwa zamu. Polisi wa vijijini waliruhusiwa kwa sheria ya mwaka 1839, na wakawa lazima katika kila wilaya mwaka 1856 tu. Kabla ya hapo aliyeibiwa ndiye aliyepaswa kumtafuta mwizi, kukusanya mashahidi, kuwapeleka mjini na kugharimia kesi. Ndiyo sababu wakulima waliunda vyama vya kusaidiana: kila mwanachama alitoa mchango, na chama kikatangaza zawadi kwa atakayemfichua mwizi na kulipia mashtaka. Asiyekuwa na mchango, mkulima maskini, alibaki na hasara yake.

Pili, mtuhumiwa alifikishwa kwanza kwa hakimu wa eneo lake. Hakimu huyo hakuwa mwanasheria. Alikuwa mwenye ardhi, na mara nyingi, jambo linalotuhusu sisi watu wa kanisa, alikuwa kasisi wa Anglikana. Kasisi aliyembatiza mtu huyo Jumapili aliweza kumpeleka gerezani Jumatatu. Huko gerezani alisubiri majaji waliozunguka wilaya kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Walipofika, majaji walikwenda kwanza kanisani kusikiliza mahubiri, kisha wakafungua mahakama.

Tatu, kesi yenyewe ilikuwa fupi. Mara nyingi ilikwisha kwa dakika chache. Ushahidi ulikuwa ngozi, kichwa na nyama. Walitafuta ngozi iliyofukiwa, wakaangalia alama ya rangi mgongoni na alama ya kisu masikioni, wakalinganisha shingo na kichwa. Walipima nyayo za viatu vyenye misumari katika tope. Mshtakiwa wa kosa la namna hiyo, hata kama alikuwa na fedha za wakili, wakili wake hakuruhusiwa kuzungumza na baraza la watu 12 lililoamua hatia, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1836. Aliweza kuwahoji mashahidi tu. Mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya wakubwa alipaswa kujisemea mwenyewe, huku magoti yakitetemeka.

Sasa sikilizeni lililotokea. Kwa kuwa adhabu ilikuwa kifo, watu wema walianza kuikimbia sheria. Aliyeibiwa alijiuliza: nimpeleke mtoto wa jirani akanyongwe, halafu niishi na mama yake kijiji kimoja miaka yote? Wengi walinyamaza. Shahidi aligeuza maneno. Watu 12 wa baraza, walioapa kwa Biblia kusema kweli, wakaona ngozi, wakaona kichwa, kisha wakasema hana hatia. Walidanganya kwa huruma. Sheria ikawafanya watu waadilifu kuwa waongo, na mwizi mzoefu alijua kwamba anaweza kupona.

Waingereza wana methali ya zamani yenye maana hii: kama kamba ni ileile, heri unyongwe kwa kondoo mzima kuliko kwa mwana-kondoo. Hiyo ndiyo busara ambayo sheria ya namna hiyo huifundisha. Akichukua kidogo atakufa, akichukua kikubwa atakufa. Basi achukue kikubwa. Na shahidi aliyemwona je? Thomas More alikwisha onya mwaka 1516, katika kitabu chake Utopia, kwamba ukimwadhibu mwizi sawasawa na muuaji, unamshawishi mwizi aue. Karne tatu zilipita bila onyo lile kusikilizwa.

KASISI ALIYETETEA KAMBA

Sheria hii haikutetewa na watu katili peke yao. Mtetezi wake mashuhuri alikuwa kasisi wa Anglikana, William Paley, mwalimu mwenye akili nyingi. Katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1785 aliipinga biashara ya utumwa, wakati watu wengi wakubwa walinufaika nayo. Hakuwa mtu mwenye moyo wa jiwe. Ndiyo sababu kosa lake linapaswa kututisha.

Paley alikubali wazi kwamba kuiba kondoo si dhambi kubwa kuliko wizi mwingine unaoadhibiwa kwa kifungo. Lakini, akasema, kondoo yuko wazi malishoni. Hana kufuli wala ukuta. Vivyo hivyo vitambaa vinavyoanikwa nje viwandani. Mali isiyoweza kulindwa kwa ukuta lazima ilindwe kwa hofu. Kwa hiyo mtu anyongwe, si kwa ukubwa wa alilotenda, bali kwa sababu lilikuwa rahisi kutenda. Akaongeza kwamba si lazima wote wanyongwe. Sheria iwatishe wengi, kisha wachache tu wachukuliwe.

Hoja hii ni ya akili, na ukisikiliza vizuri utaona ndiyo ileile ya mzee wetu, na ndiyo ileile ya watu wenye mawe: tumuue huyu ili wengine waogope. Lakini tazama imemfanya nini mtu. Shingo yake imekuwa uzio wa kondoo wa wengine. Haulizwi tena ametenda nini na anadaiwa nini. Anatumika kama sanamu ya kufukuzia ndege shambani.

Na hoja hiyo ina mwisho wake. Kama shabaha ni hofu tu, basi hata mtu asiye na hatia akinyongwa kwa makosa, hofu imepatikana. Paley mwenyewe alifika huko. Aliandika kwamba anayekufa kwa hukumu ya makosa anaweza kuhesabiwa kama aliyekufa kwa ajili ya nchi yake. Rahisi kusema hivyo ukiwa umeketi na kalamu! Ndugu zangu, asubuhi ile ya mbuzi wawili, hakuna hata mmoja wetu aliyetafuta ngozi. Tuliona nyama katika mfuko, tukatosheka. Hata mahakama zile kali za Uingereza zilidai ngozi na kichwa. Mpaka leo hapa kwetu hakuna anayejua kwa hakika kama nyama ile ilikuwa ya mbuzi wa mama yule.

MJUKUU WA MKIMBIZI

Mtu aliyemjibu Paley alikuwa Samuel Romilly, aliyezaliwa London mwaka 1757. Historia ya ukoo wake itawagusa. Babu yake alitoka Montpellier, Ufaransa. Alikuwa mmoja wa Waprotestanti walioondoka nchini mwao baada ya Mfalme Louis wa 14, mwaka 1685, kufuta amri iliyowapa uhuru wa kuabudu. Babu aliingia Uingereza kama mkimbizi kwa ajili ya imani. Mjukuu akawa mwanasheria mkubwa na mbunge.

Mwaka 1808 Romilly alifaulu kufuta adhabu ya kifo kwa wezi wa mifukoni. Mwaka 1810 akaandika kujibu hoja za Paley, ambaye alikuwa amefariki mwaka 1805. Romilly aliona, kama Mwitalia Cesare Beccaria alivyofundisha mwaka 1764, kwamba kinachomzuia mwizi si ukali wa adhabu bali uhakika wake. Adhabu ndogo ambayo hakika itakupata inatisha kuliko kifo ambacho huenda kisikupate. Waswahili tunasema za mwizi ni arobaini. Kinachomtisha mwizi ni kujua kwamba siku ya arobaini itafika kweli.

Mwaka huohuo wa 1810 alipeleka muswada wa kuondoa kifo kwa mtu aliyeiba dukani kitu cha shilingi 5. Bunge la chini likakubali. Baraza la juu, la Malodi, likakataa kwa kura 31 dhidi ya 11. Miongoni mwa waliokataa walikuwamo maaskofu saba, na mmoja wao alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Naandika haya kwa huzuni. Watumishi wa Mwokozi aliyesulubiwa kati ya wanyang'anyi wawili walipiga kura kwamba shilingi 5 zinatosha kumtundika mtu.

Lakini mwaka uliofuata, 1811, jambo la ajabu likatokea. Wenye viwanda vya vitambaa, walewale ambao Paley alisema mali yao inalindwa na kamba, walikwenda Bungeni wakaomba kamba iondolewe! Walisema hawapati hukumu, kwa sababu hakuna anayetaka kumfikisha mtu kwenye kifo kwa ajili ya kitambaa. Walitaka adhabu nyepesi ambayo itatolewa kweli. Bunge likawakubalia.

Romilly alifariki mwaka 1818 bila kuona sheria ya kondoo ikifutwa. Ilifutwa mwaka 1832, kwa muswada wa mbunge William Ewart. Tangu hapo mwizi wa farasi, ng'ombe au kondoo hakunyongwa tena. Badala yake alihukumiwa kuhamishwa maisha.

Hata hiyo haikuwa ndogo. Kati ya mwaka 1788 na 1868 wafungwa kama 160,000, wa makosa mbalimbali, walipelekwa Australia. Mke alibaki bandarini na watoto, na wengi hawakuonana tena. Huko wengi walipewa kazi ya kuchunga kondoo wa matajiri, katika ardhi iliyotwaliwa kwa wenyeji weusi wa nchi ile. Mtu alifukuzwa kwao kwa kuchukua kondoo mmoja, akawekwa kuwachunga maelfu juu ya ardhi ya kuporwa.

Je, baada ya kamba kuondolewa kondoo wote waliibwa? Hapana. Wizi uliendelea katika miaka ya njaa, kisha ukapungua karne ilipozidi kwenda, polisi walipoenea vijijini na hali ya chakula na mishahara ilipokuwa nafuu. Basi, mzee wangu, kwa heshima zote, kama Mwingereza leo analala mlango wazi, kamba siyo iliyomfungulia mlango. Kamba ilikuwapo miaka 91, kuanzia 1741 hadi 1832, na kondoo waliibwa miaka hiyo yote.

NENO LA MUNGU LINASEMAJE?

Fungueni Kutoka sura ya 22. Aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza atalipa kondoo wanne. Kwa ng'ombe atalipa watano. Mnyama akipatikana hai, atalipa mara mbili. Asiye na kitu anauzwa kwa ajili ya wizi wake, nayo ni adhabu nzito. Lakini hauawi. Tena sheria ile inasema mwizi akipigwa usiku akivunja nyumba, akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini jua likiisha kuchomoza, damu yake ina thamani. Kijana wetu alikamatwa jua likichomoza.

Sasa soma Kutoka 21:16. Aliyeiba mtu ndiye anayeuawa. Musa aliweka kondoo upande mmoja na mtu upande mwingine. Uingereza ya wakati ule iligeuza mizani. Aliyeiba kondoo alinyongwa, na aliyenunua na kuuza Waafrika alifanya biashara halali mpaka mwaka 1807. Nchi yenye makanisa kila kijiji ilisoma Biblia hiyo hiyo.

Kumbukeni pia Daudi katika 2 Samweli 12. Aliposikia habari za tajiri aliyemchukua mwana-kondoo wa maskini, alitamka kwanza kifo, ndipo akataja malipo mara nne. Alikuwa mwepesi wa kuhukumu kwa ajili ya kondoo, naye amechukua mke wa mtu. Tunapopiga kelele "auawe", yafaa tujiulize ni nini kimefichwa nyumbani kwetu.

Na Mithali 6:30-31 inatufundisha kushika mambo mawili pamoja: watu hawamdharau mwizi aliyeiba kwa njaa, lakini akipatikana lazima alipe. Huruma ipo. Deni nalo lipo.

DENI MBILI

Nimefikia hapa. Mnyama anapoibwa kuna deni mbili. Deni la kwanza ni la aliyeibiwa: arudishiwe. Deni la pili ni la mtuhumiwa: asikilizwe, ukweli utafutwe, adhabu ilingane na alilotenda, na uhai wake usigeuzwe uzio. Sheria ya Uingereza haikulipa hata moja. Mwizi alikufa au akavushwa bahari, na mkulima alirudi nyumbani bila kondoo, tena na gharama za kesi mkononi. Zizi lilibaki tupu.

Lakini nasi tusijisifu. Asubuhi ile tulilipa deni moja. Tulimwokoa kijana, tukaimba, tukarudi nyumbani. Mbuzi wa mama yule hawajarudi. Hakuna aliyemwuliza anataka nini. Waliotaka kuua hawakumwuliza, na sisi tuliozuia hatukumwuliza. Huruma inayomkumbuka mwizi na kumsahau mjane haina budi kutubu. Huenda ndiyo sababu watu hutuona sisi wa kanisa kuwa watetezi wa wezi.

Zakayo, katika Luka 19, hakungoja kukamatwa. Alisema atarudisha mara nne. Mtume Paulo anamwambia aliyeiba asiibe tena, bali afanye kazi apate cha kumgawia mhitaji (Waefeso 4:28). Hapo mwizi anabaki hai, anafanya kazi, na siku moja mkono uleule uliofungua zizi unampa mtu chakula. Mtu aliyekufa hawezi kufanya hivyo.

Naomba wazee wa kanisa na viongozi wa mitaa watafakari. Tuwe na zamu ya ulinzi wa usiku ili mwizi ajue hakika ataonekana. Kila mnyama awe na alama inayojulikana. Mtuhumiwa apelekwe polisi bila kuguswa. Na tuwe na mfuko mdogo wa kumwinua aliyeibiwa wakati shauri linaendelea, tukianzia na mama huyu.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Je, adhabu iliyo kali na adhabu iliyo ya hakika ni kitu kimoja?
2. Kasisi Paley alikuwa mtu mwema katika mambo mengine. Alipotelea wapi?
3. Ni "kuchukua" kwa namna gani tunakokuona mchana na kukunyamazia?
4. Kama wewe ndiye mama mwenye mbuzi wawili, ungetaka kanisa likufanyie nini wiki hii?

Masomo: Kutoka 22:1-4, 2 Samweli 12:1-7, Luka 19:1-10.

Mungu awabariki, na awalinde ninyi na vyote mlivyo navyo.